Tope la Mzee Hedley

Winifred Hedley alikuwa mwalimu, tena mwalimu haswa. Nusu ya watoto wa bonde la Coquet, kaskazini mwa Uingereza, aliwafundisha kusema vizuri. Lakini mwanafunzi wake wa kwanza wa kusema vizuri alikuwa baba yake mzazi, na hilo ndilo lililokuja kumla moyo uzeeni.

Cuthbert Hedley alichunga kondoo, na mdomo alikuwa nao, bwana! Winifred mdogo akirudi mvua imenyesha, baba alimpokea kwa kelele: "We! Simama hapo hapo! Clarts zote hizo unanipelekea wapi? Umebakiza hata za kupandia viazi?" Clarts, kwa lahaja ya kwao, ni tope, ila si tope lolote. Ni lile zito la getini kwa kondoo, linalong'ang'ania buti mpaka mguu unatoka mtupu. Mtoto alicheka, baba akamkwangua mabuti kwa kijiti huku akiendelea kufoka kwa raha zake.

Kisha mtoto akapata nafasi shule ya mjini. Wenzake walimcheka kwa neno hilo siku moja tu. Ikatosha.

Masika ya mwaka 1953, Winifred akiwa likizo kutoka chuo cha ualimu, alifika mtu wa chuo kikuu kwa baiskeli. Alizunguka vijijini kuandika maneno ya wazee kabla hawajazikwa nayo. Mzee Hedley alivaa koti lake la kanisani. Tangu azaliwe, hakuna msomi aliyewahi kumuuliza kitu.

"Mzee," mgeni akaanza, kalamu mkononi, "mvua ikinyesha siku tatu, pale getini panakuwaje?"

"Ha! Pale utajuta kuzaliwa, mwanangu! Pale kuna cla..."

"Matope," Winifred akadakia kutoka jikoni, kwa Kiingereza cha darasani. "Baba anamaanisha matope."

"Ningependa kumsikia mzee mwenyewe, dada."

"Baba, sema vizuri basi. Huyu ni mtu wa chuo. Usituaibishe."

Mzee aliangalia viganja vyake. "Matope, bwana," akasema polepole, kama mtoto anayesoma ubaoni. Maswali yote yaliyobaki aliyajibu hivyo hivyo. Mgeni alikunywa chai, akashukuru, akaenda kumtafuta mzee mwingine ng'ambo ya mto.

Na Winifred, masikini, alishusha pumzi! Alidhani ameokoa jina la nyumba yao.

Ilipita miaka arobaini ndipo siku moja akalikuta neno lile ndani ya kamusi nene ya maktaba. Limo katika maandishi ya miaka mia saba iliyopita, ilisema kamusi, na lilikotoka hasa hakuna ajuaye. Miaka mia saba watu wa kaskazini wamelibeba mdomoni, wakachungia nalo, wakalelea nalo watoto, halafu yeye akalifukuza jikoni kama paka mwizi. Alilia pale pale mezani, mbele za watu, bila haya.

Jumamosi iliyofuata alikwenda nyumbani. Mzee alikuwa kitandani, kifua kimembana. Winifred alifika mlangoni akasikia sauti yake, anapiga soga na jirani: "Nakwambia nilizama kwenye clarts mpaka kiunoni, na yule kondoo mpumbavu ananitazama tu!" Wakaangua kicheko. Jamani, Winifred alifurahi! Kumbe baba hajapoteza kitu. Akausukuma mlango.

Kicheko kikakatika. Mzee alijiinua, akanyoosha blanketi, akafunga kifungo cha shingoni.

"Karibu sana, mwanangu. Samahani, njia ina matope leo."

"Baba, ongea na mimi kama ulivyokuwa unaongea na jirani. Tafadhali."

Mzee alitabasamu kwa adabu, kama anavyomtabasamia daktari.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Nisije nikakuaibisha."

Aliishi majuma sita zaidi. Winifred alimuuguza siku zote hizo, na kila alipompa maji, mzee alimwambia asante sana.