Cherero wa Buluu wa Bwana Karantini

Mume wangu Dabaso hakuwahi kuogopa simba, na pale Minjila simba walikuwa majirani zetu. Lakini mwaka wa hamsini na sita nilimwona akitetemeka mbele ya ndege asiyejaza kiganja. Mkitaka kucheka, chekeni. Mimi sikucheka.

Ndege wenyewe ni cherero, wale kasuku wadogo wanaokaa wawili wawili wakibusiana kutwa. Alikuwa nao Mzungu mmoja pale Garsen, msimamizi wa ng'ombe wakati wa sotoka, ule ugonjwa unaomaliza mifugo, tukimwita Bwana Karantini. Wengi walikuwa kijani. Wawili tu walikuwa buluu, dume na jike, baba mmoja mama mmoja, na Bwana alitaka kutoka kwao kizazi cha buluu tupu, kisichochanganyika hata tone. Aliyewalisha ni Dabaso.

Mshahara sizungumzii. Nazungumzia maji. Karantini ilikuwa imeufunga mto, ng'ombe wa watu hawaruhusiwi kuukaribia. Wale wetu wachache ambao ukame uliwabakiza walikunywa mtoni nyuma ya nyumba ya Bwana, kwa ajili ya Dabaso tu. Dabaso akifukuzwa, ng'ombe wanatoka, na wakitoka wanakufa.

Basi Bwana akaenda likizo. Kabla ya kuondoka akasema, "Hawa wawili wa buluu waweke tundu moja. Nikirudi nikute makinda ya buluu."

Dabaso alikuja nyumbani uso umemsawajika. "Mama Sadia, anataka nimwoze kaka kwa dada yake."

"Ni ndege, baba Sadia."

"Ni ndege, lakini mkono utakaofunga mlango ni wangu."

Sisi Waorma tuko pande mbili, na mtu huoa upande wa pili. Hata msichana wa mbali kabisa, akiwa wa upande wako, ni dada yako. Anayevunja hilo hujiletea laana, na laana huanzia zizini. Dabaso alijaribu kufumba macho. Alipowaona wale ndugu wameanza kulishana, akashindwa. Mchana mmoja, mpishi wa Bwana akiwa dukani, akawabadilisha: dume wa buluu akampa jike wa kijani, mgeni kutoka Nairobi, dada mtu naye akamtafutia mume wa kijani. Akarudi anatabasamu, mjinga wangu yule, kana kwamba ametoka kufungisha ndoa mbili.

Tabasamu halikudumu. Kinda la cherero wa buluu huzaliwa na manyoya laini meupe. La kijani huwa jekundujekundu. Binti yetu Sadia, aliyekuwa akimsaidia baba yake kupeta mtama wa ndege, alinijia mbio. "Mama, yote mekundu!"

Wallahi, hofu ile sikuijua kabla. Kila gari lililovuka mto, Dabaso alisimama. Nami nilikuwa nawapapasa ng'ombe wangu mmoja mmoja kama ninayewaaga. Siku moja akasema atayanyonga makinda, aseme yameliwa na panya.

"Na utaapa kwa Mungu kwamba ni panya?" nikamuuliza. Akayaacha.

Bwana aliporudi, mimi na Sadia tulisimama uani.

"Nani amebadilisha?"

"Ni mimi, Bwana. Wale ni ndugu."

Bwana akamtazama, kisha akacheka mpaka akakohoa. Nikapumua. Ningejua, nisingepumua!

"Buluu haikupotea," akasema. "Imejificha ndani ya damu ya makinda haya ya kijani. Hili jike, mtoto wa dume wa buluu, likikomaa, liweke na baba yake. Baadhi ya makinda yatakuwa buluu."

"Na baba yake, Bwana?"

"Na baba yake. Utamweka wewe mwenyewe, nami nikitazama. Kama hutaki, ondoa ng'ombe wako leo."

Jike lile likawa linakua, na mume wangu anakonda. Mvua ilikataa. Nilimwambia mwenye nguvu mpishe, huku moyoni naomba ndege afe. Hakufa, akazidi kunawiri. Siku ilipofika, Bwana alivuta kiti akakaa. Dabaso akamshika yule binti wa kijani, midomo inamcheza, sijui alikuwa akiomba msamaha kwa nani. Akamwingiza kwa baba yake, akafunga mlango.

Ng'ombe walikunywa, hakufa hata mmoja. Mayai yakaanguliwa, na baadhi ya makinda yakawa na manyoya meupe. Bwana alimpa Dabaso mkono mbele ya watu. Tuliingoja laana zizini, isije.

Ilikuja nyumbani. Sadia alimletea baba yake maji ya kunawa, Dabaso akaurudisha mkono nyuma. "Mwambie mama yako alete." Tangu hapo hakula alichopika mtoto. Sadia akiingia, yeye anatoka. Hakuwa na ubaya wowote moyoni, Mungu ni shahidi yangu. Alikuwa anajiogopa tu, akiutazama ule mkono uliomfungia binti kwa baba yake kama si wake. Nililia, nikamgombeza, nikamwita mwendawazimu. Alisema, "Niache, mama Sadia," basi.

Akamwoza haraka, tena mbali, kwa watu wa ng'ambo ya Chara.

Asubuhi ya kuondoka Sadia alinishika nguo. "Mama, nimemkosea nini baba?"

"Hujamkosea kitu, mwanangu."

"Basi mbona haji kuniaga?"

Nilimwita Dabaso tena na tena, kwa sauti ya mtu aliyechoka. Alikuwa kule mtoni, amesimama katikati ya ng'ombe wanaokunywa, ametupa mgongo.