Turubai la Kumlishia Mtoto

Binti yangu wa mwisho alipoanza kutembea vizuri, aliacha kula. Chai ya maziwa alikunywa, na kipande cha ugali mkavu alizunguka nacho uani mchana kutwa. Maharage alitema. Dagaa aliwatazama, akasukuma sahani. Yai nililoliponda na kulificha ndani ya kiazi alilitafuta kwa kidole, akalitoa, akampa kuku.

Kliniki nesi aliniambia nimchanganyie mboga, samaki na matunda, tena nisimlazimishe. Sikumwambia kwamba kulazimisha tulishajaribu. Mama mkwe alimshika mikono, mume wangu akaimba, mimi nikashika kijiko, na uji wote ukaishia kwenye shati la mume wangu.

Kisha tukapata msiba Nyangoto, kwa ndugu wa mume wangu. Nilikwenda na mtoto mgongoni. Baada ya mazishi chakula kikaletwa, nikamweka chini kidogo nisalimiane na watu. Nilipogeuka, alikuwa amekaa kwenye turubai katikati ya akina mama nisiowajua, mkono ndani ya sinia, anakula mgagani, ile mboga chungu ambayo hata watu wazima huikwepa.

"Mtoto wako anakula vizuri," mama mmoja aliniambia. Nikadhani anamsema mwingine.

Nyumbani alikataa tena, nami nikawasimulia ya Nyangoto. Mama mkwe, ambaye hakuwa tayari kushindwa na mtu asiye na magego, alimtazama kwa muda mrefu.

"Huyu anataka msiba," alisema.

"Sasa mama, afe nani?" mume wangu akauliza.

"Hakuna wa kufa. Tandika turubai."

Jumamosi tukatandika. Tukawasha moto nje, tukabandika sufuria kubwa, tukaita majirani wawili waje kukaa. Mama mkwe alijifunga kanga kiunoni na kushika tama, kwa sababu, alisema, mtoto ana akili na uongo ataujua. Mtoto akatoka ndani, akatukagua, akakaa. Akala maharage. Akala dagaa na vichwa vyao.

Nilikuwa sijamaliza kufurahi nikamwona mzee mmoja wa kule Gorong'a anapanda njia, kofia mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Poleni sana. Nimeona moshi na turubai. Ni nani?"

Mama mkwe akajibu, "Hakuna aliyefariki. Tunamlisha mtoto."

"Mnamlisha mtoto," mzee akarudia polepole, akimtazama binti yangu mwenye mchuzi hadi masikioni. Halafu akakaa, kwa kuwa kilima alishakipanda, akapewa sahani.

Nyuma yake wakaja wanawake na kuni na sukari. Mmoja aliingia uani akilia kwa sauti, akaelezwa, kilio kikakatikia katikati. Alikasirika kweli.

"Nimelia tangu mtoni," alisema. "Haya machozi niyapeleke wapi?"

"Kaa ule," mama mkwe akamwambia.

Simu ya mume wangu ikaita. Alikuwa kaka yake anayefanya biashara ng'ambo ya mpaka, Isebania, ambaye hakuwa amekanyaga nyumbani muda mrefu kwa ugomvi wa shamba. Mtu alikuwa amempigia na kumwambia mama yao hayupo tena. Mume wangu alijaribu kumweleza, lakini simu ilikuwa ya kelele na bodaboda iliyombeba ilishavuka Sirari.

Alifika na suti nyeusi, vumbi hadi kwenye nyusi. Akamkuta marehemu amesimama kando ya sufuria anapakua maharage.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba. Umekonda. Kaa ule."

Alikaa kando ya binti yangu. Wakala kutoka sinia moja, yeye akifuta macho kwa mkono wa kushoto, mtoto akimtazama na kumsogezea vichwa vya dagaa.

Turubai hatukuweza kulitandika kila siku, watu wangetushtaki. Lakini tuliacha kula kila mtu na sahani yake kwa wakati wake. Jioni tunaweka sinia moja kwenye mkeka, wote tunakaa, na mtoto anakula. Baadhi ya Jumapili shemeji huvuka kuja. Shamba bado hawajaliongelea. Parachichi mtoto hataki, hata uwanja ukijaa watu.