Stefania wa Ndoro Jazz

Vitu viwili Evaristo alivijua kuliko mtu yeyote kijijini: kupiga pasi na nyimbo za Ndoro Jazz. Vyote viwili havikumfaa kitu. Katika kijiji kile kipya cha kando ya barabara ya Rutamba, walikohamishiwa mwaka 1974, wenye suti hawakuwapo, na bendi yenyewe ilikuwa imevunjika miaka kumi nyuma. Alilima muhogo na kupalilia mikorosho kama wenzake, na alipochoka aliwachosha wenzake kwa habari za bendi.

Ujana wake aliumalizia Lindi mjini, kwenye chumba cha udobi nyuma ya duka la nguo. Kila Ijumaa aliletewa suti tisa nyeupe za wanamuziki. Alizifua, akazitia wanga wa muhogo, kisha akazikandamiza kwa pasi ya mkaa hata mistari ya suruali ikasimama unaweza kukatia nyanya. Jumamosi Ndoro Jazz walipopanda jukwaani ukumbi mzima ulipiga makofi kabla gitaa halijalia, na Evaristo, akiwa amesimama na mkewe karibu na dirisha, alijua fika kwamba makofi yale ya kwanza yalikuwa yake.

Mkewe alikuwa Stefania, msichana wa kwao milimani, aliyefunga naye ndoa misheni mwaka 1957. Mwaka 1960, mwimbaji wa bendi, bwana mmoja mwembamba aitwaye Fakihi, aliichukua suti yake, akaitazama, akacheka.

"Dobi, wewe ndiye unayenipendezesha kwa wanawake. Nikupe nini?"

"Mtaje mke wangu kwenye wimbo," Evaristo alijibu bila kufikiri.

Jumamosi ile ile Fakihi alimtaja. Ulikuwa wimbo wa polepole, wa mtu anayebisha hodi mvuani: "Stefania, Stefania, nifungulie mlango, mvua yanilowesha." Ukumbi ukaitikia. Stefania alijifunika uso kwa khanga na kumkanyaga mumewe mguu kwa kisigino, maana Evaristo alikuwa anacheka kama mwehu. Tangu siku hiyo wimbo ulipigwa kila wiki, na sokoni wauza samaki walimwita kwa sauti ya Fakihi, wakiivuta ile "nia" ya mwisho mpaka yeye mwenyewe akaanza kuipenda.

Stefania alifariki Februari 1962, miezi miwili tu baada ya Uhuru, na mtoto tumboni. Evaristo alimpeleka kwao milimani akamzika huko, akabaki na binti wa miaka miwili, Scholastica. Mtoto akalelewa na bibi yake, baba akarudi kwenye pasi. Kila Jumamosi alikwenda ukumbini, akasimama mlangoni, akasubiri wimbo ule mmoja, na ulipokwisha akaondoka. Hakucheza tena. Watu walimwona ana kiburi.

Halafu hata wimbo huo akanyang'anywa. Mwaka 1964 mpiga gitaa aliandika jina lake mwenyewe kwa rangi nyekundu kwenye ngoma kubwa ya bendi, Fakihi akaipiga teke ikatoboka, na kwa ajili ya ujinga huo wanaume tisa wazima wakatawanyika, huyu Mtwara, yule Dar es Salaam. Hawakuwa wamerekodi hata wimbo mmoja. Evaristo alifunga udobi mwaka uliofuata, akarudi milimani kulima jirani na kaburi.

Ilipofika amri ya kuhamia vijijini, nyumba yake iliezuliwa siku ya mvua, yeye akiwa shambani. Picha ya harusi iliyokuwa ukutani ikalowa hata sura zikafutika. Kaburi lilibaki kule nyuma, mwendo wa saa tatu kwa miguu, na msalaba wake wa mti ulikwisha kuliwa na mchwa. Kwa hiyo Stefania hakuwa na pahali pengine pa kukaa duniani isipokuwa ndani ya wimbo, na wimbo haukuwapo.

Jambo hili lilimuuma Evaristo zaidi kwa sababu ya Scholastica. Alipokuwa mdogo mtoto alimsumbua, "Baba, niimbie mama." Naye akamwimbia, kwa sauti yake ile ya mlango usiotiwa mafuta. Scholastica akaenda kuwasimulia wenzake kisimani, wenzake wakamcheka: mama yako aimbwe Lindi nzima, yeye nani? Wakambandika jina, Mtoto wa Wimbo. Alipofika miaka kumi na miwili aliacha kuuliza. Hakubisha, hakuwa mtu wa kubisha, ila kila baba yake alipoanza habari ya Ndoro Jazz aliinuka kwenda kutazama chungu, hata kama jikoni hakukuwa na moto. Evaristo aliona. Binti yake alimfanya mwongo, tena mwongo wa kuhurumiwa, na hakuwa na shahidi hata mmoja.

Ndipo mwezi wa sita, mwaka 1975, Sipriani akaja na habari.

Sipriani alikuwa jirani yake, kuli wa zamani wa bandari ya Lindi, na mtu wa pili kijijini aliyewahi kuiona bendi, ingawa zamani zile alikwenda dansini kwa ajili ya pombe na maneno ya nyimbo hakuyakumbuka. Alitoka Mtama akahema kwenye kibaraza cha duka la kijiji.

"Ndoro Jazz wanarudi! Saba Saba, Lindi, uwanjani. Wamepatanishwa."

"Nani na nani?" Evaristo alimkamata shati.

"Hapo sasa," Sipriani alisema akikaa. "Mpiga tarumbeta amekufa. Yule wa saksafoni siku hizi ni mwalimu wa madrasa, hataki hata kuulizwa. Wamechukua vijana wawili wa Dar kujazia. Sasa nauliza, hiyo ni Ndoro Jazz au ni sanda ya Ndoro Jazz?"

Walibishana siku tatu. Sipriani alisema bendi ni kama nyumba, ukibadilisha nguzo nyingi unakuwa umejenga nyingine. Alisema watu wakishagombana hawapigi tena vile vile, kila mmoja anasikiliza kosa la mwenzake. Alisema heri abaki na ile iliyomo kichwani mwake. Na mwisho wa yote alisema atakwenda, lakini kama mtu anayekwenda kumwangalia mgonjwa.

"Fakihi yupo?" Evaristo aliuliza jambo hilo hilo kila siku.

"Yupo."

"Basi ipo."

Kwa nje alijikaza, ndani alikuwa na hofu yake. Fakihi sasa alikuwa mtu wa makamo. Huenda sauti imekwenda. Huenda wimbo wameuacha. Akiwa shambani alihesabu kwa vidole nyimbo walizokuwa wakipiga zamani, akajiuliza wakipewa saa moja watapiga ngapi, na ule wa Stefania utaangukia wapi. Jioni moja alishindwa kunyamaza.

"Scholastica, jiandae. Saba Saba utamsikia mama yako."

"Sawa, baba," alisema Scholastica, akainuka kwenda kutazama chungu.

Kijiji kilipewa lori moja, na majina yalikuwa mengi kuliko nafasi. Evaristo alitoa pasi yake chini ya kitanda, akaikwangua kutu, akampigia pasi katibu wa kijiji kaunda suti yake ya sherehe hata katibu akajitazama mara mbili. Majina mawili, lake na la Scholastica, yakaingia kwenye orodha.

Uwanjani hotuba zilianza asubuhi. Zilizungumzia mazao, vijiji, adui ujinga na adui maradhi, na jua likapanda hadi utosini. Saa tisa alasiri bendi ikapanda jukwaani. Hawakuvaa suti nyeupe. Walivaa mashati ya kijani yaliyokunjamana mgongoni, na Evaristo aliona kwanza mikunjo ile kabla hajaziona nyuso. Fakihi alikuwa amekonda, meno mawili ya mbele hayapo.

Wimbo wa kwanza ulikuwa aibu. Vijana wa Dar walikimbia, wazee wakawafuata nyuma. Sipriani aliguna, "Nilisema mimi." Katika wa pili gitaa la zamani likakumbuka njia, Fakihi akafumba macho, na ile sauti, nyembamba kuliko zamani lakini ile ile, ikatoka. Sipriani alishika kichwa. "Ndio wao!" alipiga kelele, machozi yakimtiririka bila haya. "Ndio wao, wallahi!" Watu wazima waliokuja kuona mgonjwa walikuwa wanaruka vumbini. Evaristo alifurahi jinsi ambavyo hakufurahi tangu 1962. Nasema hivyo kwa kuwa ni haki yake isemwe.

Halafu gitaa likaanza polepole, matone manne manne. Evaristo alimshika binti yake mkono.

"Ndiyo huu," alisema. "Sasa. Sikiliza."

Scholastica alisikiliza. Midomo yake ilikuwa imefunguka kidogo, kama alivyofanya utotoni.

"Ujamaa, Ujamaa," aliimba Fakihi, "umefungua mlango, unyonge umetutoka."

Uwanja ukalipuka. Evaristo alidhani amesikia vibaya. Akangoja ubeti wa pili, akangoja wa tatu. Neno lilikaa barabara mahali pale, silabi nne kwa silabi nne, mpaka ile "maa" ya mwisho ikavutwa vile vile ilivyovutwa "nia". Viongozi walisimama vitini wakipiga makofi. Sipriani aliimba neno lile kwa sauti kubwa, naye hakuona kasoro yoyote.

Wimbo ulipokwisha Scholastica aliutoa mkono wake taratibu, kisha akaupapasa wa baba yake.

"Ni wimbo mzuri, baba," alisema kwa sauti ya kumbembeleza mgonjwa.

Hapo Evaristo akaondoka. Alipenya katikati ya watu mpaka nyuma ya jukwaa, akamkuta Fakihi amekaa juu ya kreti ya soda, amejimwagia maji kichwani.

"Ndugu Fakihi. Mimi Evaristo. Dobi wa Ndoro."

Fakihi alimkazia macho, kisha akainuka akamkumbatia. "Dobi! Tazama wametuvisha matambara, dobi wangu!"

"Kwa nini umemtoa Stefania?"

"Nani?"

"Stefania. Nifungulie mlango."

"Aa, ule." Fakihi aliketi tena. Hakuwa mtu mbaya. Alieleza kama fundi anavyomweleza fundi. "Afisa alitaka wimbo wa vijiji, na wiki moja haitoshi kutunga. Tukachukua ule, maana una kiti kimoja kitupu, unamkalisha yeyote. Kilwa nilikuwa nikimweka Mwanaharusi. Mikindani alikuwa Zubeda, tulikuwa tunalala kwa kaka yake. Nachingwea kila mwezi mtu mpya. Sasa yumo Ujamaa."

"Na Lindi?"

"Lindi..." Fakihi alikuna shingo. "Umesema nani?"

"Stefania."

"Basi huyo. Mkeo, siyo? Hajambo?"

Fakihi alimtazama, akaelewa kiasi, akataka kutengeneza mambo. "Umekuja na mtu? Binti? Mlete hapa, nimwimbie sasa hivi na jina la mama yake. Kazi ndogo hiyo."

Kazi ndogo. Mwezi mmoja nyuma Evaristo angetembea kwa magoti kutoka Rutamba kwa ajili ya neno hilo. Alisimama pale akimtazama mtu yule na meno yake yaliyopungua, na hakuweza hata kumkasirikia.

"Hapana," alisema. "Pumzika, umechoka."

Scholastica alikuwa akimngoja kando ya lori, na watu wa kijiji walikuwa wanapanda. Saa kumi na moja ilikuwa imegonga. Alimtazama baba yake usoni, na kwa mara ya kwanza tangu alipokuwa na miaka kumi na miwili aliuliza mwenyewe.

"Umeonana naye? Anamkumbuka mama?"

Evaristo alifungua kinywa kusema kweli. Alikuwa ameisema miaka yote, na ilimletea nini?

"Anamkumbuka," alisema. "Kasema wimbo aliutunga kwa ajili yake peke yake. Hajapata kumtia mwanamke mwingine humo. Leo kaamriwa tu. Alilia."

Uso wa Scholastica ukabadilika, ukalegea, akamrukia baba yake shingoni na kulia mbele za watu bila kujali.

"Nisamehe, baba," alisema. "Nisamehe. Nilikuwa sikuamini."

Lori likaondoka. Watu bado walikuwa na muziki mwilini, mmoja akaanza, wengine wakadaka, "Ujamaa, Ujamaa." Scholastica alijifuta machozi, akasimama katikati yao akishika bomba la lori, akaimba juu ya sauti zao zote. Evaristo hakuwahi kujua kwamba binti yake ana sauti. Ilikuwa safi, ya mama yake, na ilisema Stefania, Stefania, nifungulie mlango. Wengine wakageuka, wakacheka, wakanyamaza mmoja mmoja kumsikiliza. Sipriani alimpiga Evaristo bega, akamwambia, "Leo kweli umepata."

Binti aliuimba mpaka mwisho, akamtazama baba yake, akauanza tena. Evaristo alitazama vumbi nyuma ya lori, akaomba moyoni binti anyamaze.