Apekuaye Kinyesi Ili Bahari Isiingie Nyumbani

Saa moja na nusu asubuhi, maji yamekupwa. Juu ya tuta linalozuia bahari, mwanamke wa miaka hamsini na minne amechuchumaa, kijiti mkononi, akipekua kinyesi cha mnyama kwa makini ya mtu achambuaye mchele.

"Gamba la kaa. Gamba. Gamba tena," anasema huku akiandika daftarini. Kisha anainua kitu chembamba kama sindano na kukitazama kwenye jua. "Huu mwiba wa samaki. Shemeji atanicheka wiki nzima."

Majirani humwita Mama Tuta. Kwa miaka kumi na tisa kamati ya mtaa imemwajiri kulitunza tuta hilo la udongo, lenye urefu wa kilomita mbili na nusu: kuziba mashimo, kufyeka njia, kutoa taarifa linapotitia. Mshahara wake hukatikia wiki ya tatu. Wiki ya nne hushona sare za shule. Hata hivyo hajapata kukosa kazini, isipokuwa kwa kuugua au kujifungua.

Kinyesi hicho ni cha fisi maji, mnyama mwenye sharubu na manyoya laini, atafunaye kaa kama mtu atafunavyo karanga. Zamani Mama Tuta alimchukia.

"Walikuwa wananichafulia njia," anasema, bila kujitetea. "Na mimi mtu wa usafi. Nikaomba mitego, nikapewa. Mwaka mmoja tu nikaua kumi na mmoja, na nikapigiwa makofi."

Makofi hayo hayakudumu. Kaa, wakiwa hawana tena wa kumwogopa, walizaana na kutambaa mchana kweupe. Walikula majani ya maji chumvi yaotayo upande wa bahari, kisha wakafukua mizizi yake, nayo mizizi hiyo ndiyo iliyokuwa ikishika tope. Msimu wa pili wa mvua, bahari ikabomoa tuta kwa upana wa hatua thelathini. Nyumba tisa zilijaa maji, na jiko la Mama Tuta likatangulia.

"Nilikuta sufuria yangu inaelea, na kaa yumo ndani katulia kama mwenye nyumba. Nikamwambia karibu, maana mwaliko nilikupa mwenyewe."

Sehemu moja tu haikudhurika, nayo ni penye kona, ambako tope ni laini mno hata hakuweza kulivuka na mitego yake. Huko fisi maji walisalia, na majani yalisimama hadi kiunoni. "Sikuambiwa na mtaalamu. Niliona kwa macho yangu, nikaona haya." Siku hiyo hiyo alirudisha mitego stoo.

Mwaka huu nusura mitego itoke tena. Mume wa dada yake, afugaye samaki katika mabwawa mawili nyuma ya tuta, aliilalamikia kamati kwamba samaki wake wanaibwa, akaomba fisi maji wote wategewe mitego. Kamati ikamwagiza Mama Tuta apekue vinyesi arobaini na kuleta majibu.

Hakuna mtu mwingine ambaye angevigusa. Angeweza kuandika alivyotaka.

"Dada akaniuliza, 'Sasa wewe utamtetea mnyama au mume wangu?' Nikamjibu, dada, mimi nitasema kilichomo kinyesini, basi."

Jumamosi iliyopita, mbele ya mabenchi yaliyojaa, alisimama akasoma. Vinyesi thelathini na vinne vilikuwa na kaa watupu. Sita vilikuwa na samaki.

"Mmesikia?" shemeji akaruka. "Wezi! Wakili wao kakiri mwenyewe!"

"Tulia, shemeji, sijamaliza. Vyote sita nimeviokota pale wavu wako ulipotoboka. Umeacha mlango wazi, unamlaumu mgeni kwa kuingia?"

"Mgeni gani huyo anakula bila kunawa?"

Watu wakaangua kicheko. Mama Tuta hakucheka.

"Mwuaji wa wale kumi na mmoja ni mimi," alisema. "Sasa kila aliyebeba godoro kichwani mwaka ule bahari ilipoingia, naomba asimame."

Wakasimama mmoja mmoja, benchi kwa benchi. Wa mwisho alikuwa shemeji, ambaye godoro lake halikupata kukauka.

Kamati iliamua kwamba wavu uzibwe na mitego isitolewe kwa mwaka mmoja, kisha vinyesi vipekuliwe upya. Mama Tuta hakusubiri; daftari jipya amelianza wiki hii hii. Mwaka mmoja si ushindi, na Mama Tuta anajua hivyo. Pale alipowaua wale kumi na mmoja, hatua mia tatu za tope zingali na upara, na kaa hupishana humo kama watu wa sokoni.

Uani kwake, katika makopo ya rangi, ana miche mia nne ya majani. Shemeji amekubali kusaidia kuipanda mwezi ujao, ijapokuwa ameanza mapema kulalamikia mgongo.

"Majani peke yake kaa watayamaliza," anasema Mama Tuta. "Namsubiri mwenye sharubu arudi kwa hiari yake. Siku nikikanyaga kinyesi chake pale penye upara, kiatu sikioshi. Naingia nacho moja kwa moja mpaka sebuleni kwa shemeji."