Wachumba Waliopimwa Mezani Pangu

Ukitaka kumjua mwanaume, usimuulize mama yake wala padri wake. Muulize mwanamke anayemletea bia. Mimi nilileta bia miaka minne katika baa moja ya Dilala, mtaa wa Kolwezi, jirani na nyumba za zamani za kampuni ya shaba, na nasema bila kujisifu sana kwamba habari za ndoa za mtaa ule nilizijua kabla ya wenye ndoa wenyewe.

Kwetu chupa haifunguliwi jikoni. Unaileta ikiwa imefungwa, mteja anaigusa aone kama ni ya baridi, unaigonga kwa kifungulio mara mbili, halafu unaifungua mbele ya macho yake, asije akasema umetia kitu. Ukimaliza unakirudisha kifuniko juu ya mdomo wa chupa ili nzi wasiingie. Shughuli hiyo yote haifiki dakika moja, lakini dakika hiyo inatosha. Wapo waliokuita "psst" kama wanaita paka. Wapo waliogusa chupa, wakasema si baridi, wakakurudisha mara tatu, ili tu msichana waliyekuja naye aone kwamba kuna mtu wanayeweza kumtuma. Na wapo ambao badala ya kugusa chupa walikugusa mkono, na msichana wao ameketi hapo hapo.

Mtihani wenyewe haukuwa wazo langu. Ulikuwa wa rafiki yangu, binti wa Dilala tuliyekaa naye dawati moja tangu shule ya msingi. Kila mwanaume alipoanza kumtajia ndoa, alimleta kwangu Jumapili baada ya misa, akajifanya ananijua kwa mbali tu. Nilihudumia, nikatazama, nikatoa hukumu. Nikikirudisha kifuniko juu ya chupa ya soda ya rafiki yangu, huyo ni mtu. Nikikitia mfukoni mwa eproni, kimbia. Watatu waliingia mfukoni. Wa tatu alikuwa mwalimu, mzuri wa sura, aliyetupa maganda ya karanga kwenye sakafu niliyotoka kuifagia huku akinitazama usoni. Rafiki yangu alimlilia wiki nzima kwa sababu ya mabega yake, lakini alimwacha.

Wa nne alikuwa karani wa kampuni. Nilipokuja na chupa alisimama anisogezee kiti kilichonizuia njia. Aliniita yaya, yaani dada mkubwa, ingawa mimi ndiye niliyekuwa mdogo. Alisema aksanti kwa chupa, aksanti kwa glasi, aksanti hata kwa kijiti cha meno, na maganda ya karanga aliyakusanya kwenye kiganja chake mwenyewe. Kifuniko nilikirudisha mahali pake bila kufikiri mara mbili. Jioni ile rafiki yangu alikuja nyuma ya baa, tukacheka na kushikana mikono kama watoto. Nilikuwa na fahari, nakiri. Nilidhani nimemtafutia mume.

Sasa niseme mimi ni mtoto wa nani, maana mambo yote yaliyofuata yalitoka hapo. Babu yangu aliletwa kutoka jimbo la Kasai kuchimba shaba. Baba alizaliwa Kolwezi, akafanya kazi Kolwezi, akazikwa Kolwezi. Mimi Kasai nilikuwa sijaiona hata kwa picha, na lugha ya babu nilijua salamu na matusi tu. Hilo halikumsumbua mtu mpaka kampuni ilipoanza kuanguka. Mashine zilisimama, unga wa kantini ukaja nusu, kisha haukuja. Maji yalipozidi unga, akatafutwa wa kulaumiwa. Wakaja wakubwa wa chama na vipaza sauti, wakasema watoto wa Kasai wamekula mkate wa wenye nchi. Vijana wakaanza kupita nyumba kwa nyumba. Walituita bilulu, yaani wadudu, na watu niliowauzia bia jana walilitamka neno hilo bila kupepesa jicho.

Nyumba yetu ilitiwa alama ya chokaa mlangoni. Tulipewa siku chache. Watu wetu walikuwa wameshajaa stesheni, maelfu, wakilala kati ya mizigo yao nje, wakingojea treni ya kwenda Kasai. Treni haikuwa na siku wala saa. Ilikuja ikipenda, na asiyekuwapo ilimwacha.

Mimi ningeweza kulala nje. Mama hakuweza. Alikuwa na kidonda mguuni, kile cha ugonjwa wa sukari kinachokataa kupona, na masista wa zahanati walikuwa wamemwambia neno moja tu: kisiguswe na maji. Tulikuwa katikati ya masika. Nilizunguka nikiomba pa kumweka mpaka treni ije, na kila nyumba niliyobisha ilikuwa na sababu. Hata rafiki yangu hakuweza kumpokea kwao. Baba yake alikuwa ameshaanza kukaa na wale vijana, na hakutaka kuona mtu wa Kasai kwenye lupango lake, ndani ya ua wa nyumba yake.

"Bwana yangu eko na anekse," rafiki yangu aliniambia. "Kanyumba ka nyuma. Hakuna mutu mule. Minamuomba."

Alimwita bwana yake ingawa hawakuwa wamefunga ndoa. Mahari ilikuwa imepokewa, na tangazo la pili lilikuwa limesomwa kanisani. Lakini akasita, akashika mkono wangu. Tulikuwa tumesimama nyuma ya baa, karibu na kreti tupu.

"Tangu bale bavijana baanze kumufata, simuelewe tena. Anasemaka vizuri, lakini simuelewe. Jumapili minamuleta. Umutazame tena. Ukiona eko mubaya, unionyeshe tu, mi minaenda kwa padri kesho yake, minakataa. Baba atanipiga, haina neno. Lakini ni weye njo ninaamini."

Nikamwambia ndiyo. Nilisema ndiyo kwa haraka, kwa sababu nilikuwa nawaza anekse.

Jumapili walikuja wanne: rafiki yangu, karani wake, na vijana wawili wenye vitambaa vya chama shingoni. Baa ilikuwa karibu tupu. Mwenye baa alikuwa ameshaniambia kwamba ile ni siku yangu ya mwisho, kwa sababu wateja hawataki tena kunywa kutoka mkononi mwangu. Alisema akitazama kalenda ukutani. Sikumlaumu, au nilimlaumu, sasa hivi sijui. Siku zile kila mtu alikuwa na ukuta wa kutazama.

Karani alisimama, akanisogezea kiti kama kawaida yake. "Jambo yaya. Mama anaamuka namna gani? Na ule muguu?"

Nikamjibu kwamba mama yuko salama. Nikaleta chupa, akaigusa, nikaigonga mara mbili, nikaifungua mbele yao wote. Ndipo mmoja wa wale vijana akaweka kiganja juu ya glasi yake.

"Onja kwanza weye."

Nikadhani ni mzaha. Nikamwambia amenitazama nikiifungua.

"Benyu batu ba Kasai munajuaka dawa," akasema. "Onja."

Nani asiyejua mtego ule? Nikikataa, nimekiri kwamba nimetia sumu. Nikikubali, nimekubali kwamba mimi ni mtu wa kuonjeshwa. Nikamtazama karani. Nilimtazama kwa tumaini kabisa, kwa sababu miezi yote ile alikuwa ameniita yaya, na nilikuwa nimeamini kwamba neno hilo lina uzito. Ingetosha aseme, "Mwache, ninamjua." Maneno mawili tu.

Alitabasamu. Hakunidharau, hakupandisha sauti. "Pardon, yaya," akasema kwa upole uleule wa siku zote. "Onja tu kidogo, tumalize ile maneno."

Nikaweka chupa mdomoni, nikanywa. Ilikuwa chungu na ya vuguvugu, maana umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Wale vijana walinitazama koo likipanda na kushuka. Nikairudisha mezani.

Karani akatoa leso mfukoni. Ilikuwa nyeupe, imepigwa pasi, imekunjwa pembe nne. Akaikunjua, akafuta mdomo wa chupa pale nilipoweka midomo yangu, taratibu, akizungusha chupa ili asiache mahali. Akaikunja tena leso, akairudisha mfukoni, akamimina bia kwanza kwa wenzake na mwisho kwake.

"Aksanti, yaya," akasema.

Nimetukanwa na walevi. Nimerushiwa maganda. Hakuna kilichonichoma kama ile leso. Hapo nikafahamu nilichokuwa nimekosea tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nimepima adabu yake, na adabu alikuwa nayo, tele. Sikuwahi kuipima siku ambayo ingemgharimu kitu mbele ya wenzake. Mwalimu wa maganda ya karanga alikuwa mjinga tu. Huyu angeweza kukuzika huku akikuomba radhi.

Na kabla sijaondoka mezani, akaongeza, akiinama kidogo kwangu ili vijana wasisikie: "Na mama, akuje kesho asubui. Anekse iko tayari. Nilishafagia."

Nilishafagia. Alifagia kweli, nilikuja kujua baadaye.

Soda ya rafiki yangu ilikuwa bado imefungwa mbele yake. Nikaigonga mara mbili, nikaifungua, nikabaki na kifuniko mkononi. Akainua macho akanitazama. Aliona yote niliyoyaona, aliketi palepale. Lakini mtu aliyeahidiwa kwa mwanaume, mahari imeliwa na baba, huwa haamini macho yake peke yake. Alikuwa anataka mmoja tu duniani amwambie kwamba hajawa mwendawazimu. Macho yake yalikuwa yananiomba nitie mkono mfukoni.

Nikauona mguu wa mama. Nikaona bendeji nyeupe na mvua ya stesheni ikianguka juu yake. Nikakirudisha kifuniko juu ya chupa yake ya soda, nikakibonyeza kwa kidole kisianguke, nikaondoka.

Sitasema nililazimishwa. Mkono ulikuwa wangu. Nikiwa jikoni nilimsikia akicheka kitu alichosema mmoja wa wale vijana, kicheko kifupi, na nikajua amenisadiki.

Asubuhi nilimpeleka mama. Karani alimpokea mlangoni kwa mikono miwili, akamwita mama mkwe kwa utani, akamwonyesha kitanda, ndoo ya maji na mahali pa kuweka mguu. Mimi nikaenda stesheni kushika nafasi yetu na mizigo, kwa sababu treni ikija lazima awepo wa kuirukia, na wa kumtumia mama habari. Nilikaa kati ya familia mbili na cherehani moja. Mvua ilipokuwa ikinyesha tulishika plastiki juu ya vichwa, na kila iliponyesha nilijiambia: mama yuko pakavu. Niliishi kwa sentensi hiyo. Nilikuwa nailipia, basi niliitumia.

Siku ya tano, mchana, nilimwona mama akija kwenye reli, anatembea kwa fimbo, amefunga mguu kwa mfuko wa nailoni. Nikamkimbilia. Nikamuuliza ni nani aliyemtoa.

"Hakuna mwenye alinitosha," mama akasema, akitafuta pa kukaa. "Bageni ba arusi beko banakuja kutoka Mutoshi, banapashwa kulala mule. Yee mwenyewe alinibebea muzigo mpaka ku barabara. Alinipa na huu mufuko, nifunge muguu. Alisema pole, mama, pole sana." Akashusha pumzi. "Ile ni mutoto wa adabu. Rafiki yako amepata bwana."

Nikamuuliza kama rafiki yangu alikuwapo.

"Alikuwa ndani. Sikumuona. Batu banasema bibi arusi hatoke-toke."

Nikafungua mfuko wa nailoni. Ulikuwa umeshika maji ndani, na bendeji ilikuwa imelowa mpaka mwisho. Nikaifunua, nikachana kanga yangu, nikafunga upya, na mama akanisimulia jinsi anekse ilivyokuwa safi.

Harusi ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi ilitukuta bado stesheni. Barabara ya kwenda kanisani ilipita upande wa pili wa ukuta. Kwanza tulisikia honi, nyingi, za magari yanayofuatana, kisha wanawake wakiimba nyuma ya gari wazi. Watoto walipanda juu ya mizigo wachungulie. Mmoja akapiga kelele kwamba amemwona bibi harusi, ana shela, hacheki. Bibi harusi wa kwetu hacheki siku ya harusi, ni heshima kwa wazazi wake, kila mtu anajua. Ningependa sana iwe heshima tu.

Mama alikuwa ameketi juu ya godoro lililokunjwa. Alisikia, uso ukamfunguka, akaweka mkono mdomoni akapiga vigelegele, virefu, vya mtu aliyelala kwa watu na kula chakula chao. Watu waliokuwa karibu walimshangaa. Akanigeukia.

"Na weye, piga. Ni rafiki yako. Akuwe na furaha, asikie kama tuko hapa."

Magari yalikuwa bado yanapita. Nikasimama nielekee ukutani, nikapiga, na sauti yangu ilitoka nzuri kabisa.