Matuta Yaliyofuka Mvuke

Nyasi mbichi zikifukiwa ardhini hutoa harufu nzito, tamu kidogo, kama ndizi zilizosahauliwa ndani ya kapu. Hata leo nikipita kijiji cha Pito kwa bodaboda, kazi za wanafunzi zikiwa mapajani, harufu ile hunikausha mdomo. Wenzangu husema hiyo ni harufu ya chakula, na kweli ni ya chakula. Kwetu Ufipa tunakata nyasi, tunazifunika kwa udongo mpaka yanapatikana matuta ya duara tunayoyaita ntumba, tunaziacha zioze humo, kisha mwaka unaofuata tunayasambaza na kumwaga ulezi. Kila mtoto anajua kwamba nyasi zikioza hupata joto. Asubuhi ya baridi ukitumbukiza mkono ndani ya tuta, unaweza kusahau shule.

Jirani yetu alikuwa Mama Yustina. Alikuwa mtu, tena mtu hasa. Alicheka kwa sauti ya kufukuza kuku. Alikuwa mchoyo wa chumvi, lakini ukimwomba kunde alikujazia sketi. Kanisani aliimba kwa kupotoka, na nadhani alifanya makusudi, maana mwalimu wa kwaya alikuwa amemkataa. Alipika pombe ya ulezi, na machicha yake hakuwapa nguruwe. Aliyafukia ndani ya matuta pamoja na nyasi. Kwa hiyo ule msimu wa baridi matuta yake yalifuka mvuke kuliko ya mtu yeyote. Nilikuwa nikisimama pale kuota moto, naye akinifokea, "We mtoto, hilo si jiko! Nenda shule!" Kisha ananiacha nimalize.

Nyumbani tulikuwa na shangazi, dada yake baba, bingwa wa hadithi. Jioni tukishamaliza kula alivuta kigoda karibu na moto, akabana ugoro puani, na Ufipa yote ikabadilika. Upepo wake ulijua majina ya watoto. Radi yake ilibisha hodi kwanza, ikangoja ijibiwe. Ukungu uliingia nyumbani, ukala viporo, ukatoka. Watu tu ndio hawakuwa na sura: mtu mmoja, mwanamke fulani. Hatukujali. Nani angeuliza habari za mtu, radi ikiwa inabisha hodi?

Mwaka ule mume wa Mama Yustina alifariki baada ya kukohoa muda mrefu, kifo cha kawaida kabisa. Akabaki na nyumba na shamba zuri kando ya kijito. Mdogo wa marehemu, Kasiano, alilitaka shamba lile na hakuficha. Akaanza kuja kwetu jioni na ugoro mzuri wa kutoka mjini. Akimkabidhi shangazi, anauliza taratibu, "Dada, ule udongo unaofuka, wewe unauonaje?"

Shangazi akauona. Hadithi mpya ilihusu mwanamke fulani ambaye shamba lake lilipumua. Mumewe hakufa, alifichwa chini kama msukule, akisukuma mazao juu kwa mabega, na kila kulipokucha pumzi yake ilitoka kwenye matuta. Ilikuwa hadithi nzuri kuliko zote alizowahi kutusimulia. Nasema hivyo kwa uchungu.

Watu waliozika nyasi kwa mikono yao wenyewe, waliojua joto lile tangu wakiwa mgongoni, wakaanza kulipita shamba lile wakitema mate. Pombe ya Mama Yustina ikachacha bila mnunuzi. Kisimani wanawake walimpisha achote peke yake. Ndama wa mtu alipokufa, hakuna aliyeuliza ndama alikula nini.

Jioni moja alikuja kwetu, akaketi chini, kati yetu watoto. Kasiano alikuwepo. Mama Yustina akamwambia shangazi, kwa jina walilozoea kuitana kijirani, "Wifi, na mimi nimekuja kusikiliza. Simulia ile ya shamba."

Nilidhani shangazi ataona aibu. Hakuona. Alisimulia yote, kwa sauti ileile, na mimi, pamoja na kwamba goti la Mama Yustina lilikuwa limegusana na langu, nilisisimka nywele.

Alipomaliza, Mama Yustina aliuliza, "Huyo mwanamke alikuwa nani? Alipenda nini? Mumewe alipokuwa anakohoa, ni nani aliyemshikia bakuli la makohozi?"

"Hayo hayamo," shangazi alijibu.

"Yatie basi. Mpe hata jina."

Shangazi alipangusa pua kwa kitenge. "Nikimpa jina, wifi, nani atamwogopa?"

Kasiano alicheka. Baba alitazama moto. Mama Yustina alinyanyuka, akajipangusa vumbi, akatuaga mmoja mmoja kama mtu anayetoka msibani.

Wiki ileile ukoo wa mumewe ulikaa, ukamwambia arudi kwao Kate. Aliondoka na godoro na chungu cha pombe. Bintiye, Yustina, alikuwa ameolewa ng'ambo ya mpaka wa Kasesya, na sijui kama alipata habari. Kesho yake asubuhi nilikwenda shambani. Matuta yalifuka vilevile. Kasiano alikuwa amechuchumaa, mikono yote miwili ndani ya tuta, akiota moto. Shangazi alipita na ndoo, akasimama kutazama.

"Udongo umeiva huu," alisema. "Mwaka kesho ulezi utakubali."

Sasa nafundisha fasihi mjini Sumbawanga. Juzi kijana mmoja wa kidato cha tatu aliniletea hadithi aliyotunga, na ukurasa wa kwanza tu nikaisikia harufu ile. Shamba linapumua, ukungu unakula viporo. Ameipata kwa bibi yake, na ameiandika vizuri mno. Nilimwita.

"Huyu mwanamke umemwacha mtupu," nilimwambia. "Mhusika lazima awe na tabia, awe na jina."

Alinitazama kwa adabu. "Samahani, mwalimu. Huyo si mhusika. Huyo ni mandhari."

Hapo ndipo nilipoelewa tulichomfanyia. Nikafungua mdomo nimtajie kijana jina la yule jirani yetu, na sikuwa nalo. Nilikuwa na Mama Yustina tu, na hilo ni jina la mwanawe.