Mume Wangu Aliapa Hakuna Kaburi Mwisho wa Uwanja wa Ndege

Admin, tafadhali nifiche kabisa. Hapa kwetu watu wanajuana mpaka ngamia wao, nikitajwa nusu tu nimekwisha. Majina nimebadilisha.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na mbili, nauza maziwa ya ngamia kwenye mji mdogo, ukitoka Garissa unaendelea mbele sana. Nina watoto watatu walio hai. Wa nne, Hodan, alifariki kwa homa kabla hajaanza duksi, yaani madrasa. Nyumba yetu inapakana na uwanja wa ndege. Zamani ulikuwa kiwanja cha vumbi tu, mbuzi wanalala katikati na rubani anazunguka juu mpaka mtu awafukuze. Siku hizi ndege za miraa na za abiria zinashuka kila mara. Ikipita moja, mabati yanatetemeka, mtoto anaamka akilia, na mbuzi wanavunja boma wanatoroka. Sasa wanataka kurefusha njia ya kurukia ili ndege kubwa zaidi zishuke.

Majirani tulikasirika, na sisi wanawake ndio tulipiga kelele zaidi ya hizo ndege. Lakini barazani wanaosema ni wanaume, kwa hivyo tulimchagua mume wangu awe mdomo wetu. Anajua Kiswahili cha ofisini na hana haya mbele ya wakubwa. Nilijivunia, Wallahi. Nilimpigia pasi kanzu mwenyewe. Alirudi akasema, "Nimewaambia yote, wamesikia." Baadaye nikaona amebadilika. Ndege ikipita, yule aliyekuwa anailaani anatabasamu: "Hiyo ni sauti ya maendeleo." Nikamtania kwamba wamemtia pamba masikioni. Hakucheka.

Kisha wakaja wapima ardhi. Kijana mmoja wao, mtu wa bara, alikuwa mteja wangu wa maziwa. Siku moja alininyooshea kidole upande wa miiba na mawe, akasema njia itapita pale penye boma la zamani. Nikamwambia kwa Kiswahili changu hiki cha sokoni, "Hapana, hapo si boma. Hapo kaburi. Mtoto yangu iko hapo."

Akanitazama kwa huruma. "Mama, lakini mzee wako ndiye alisimama kwa baraza akaapa hapo hakuna kaburi hata moja. Alisema ni boma la mbuzi la zamani."

Niliacha mtungi wazi, nikaenda nyumbani nzi wakinywa maziwa.

Naomba mnielewe, hasa msio wa huku. Kwetu wanawake hatuendi kuzika. Hodan alipofariki, wanaume walimchukua akiwa amefungwa sanda, mimi nikabaki ndani na wanawake wenzangu. Mume wangu alimbeba mikononi, kaka yangu akashuka naye kaburini. Pale hakuna majina, ni mawe yaliyopangwa na miiba juu yake fisi wasifukue, na makaburi ni mengi yanayofanana, mengine ya watu waliokwisha kuhama. Sijui lipi ni la mwanangu. Mume wangu alikuwa akiniambia, "Nimepita kwake leo, nimemwombea," na mimi nilitosheka na maneno yake.

Nilipomuuliza hakukataa. Alikaa mkekani akivuta nyuzi za kikoi. "Mama Yusuf, wamenipa kazi. Uwanja ukikamilika nitakuwa mkubwa wa walinzi. Nikisema kuna makaburi, watapeleka mradi huu mji mwingine. Miaka yote hii nakula jasho la maziwa yako, unafikiri mimi sioni aibu? Mtoto yuko kwa Mungu, hayuko kwenye mchanga."

Nikamwambia, "Sawa. Basi nionyeshe alipo, tumwite sheikh, tumhamishe kabla matingatinga hayajafika. Sitamwambia mtu mwingine."

"Nikikuonyesha, kila mtu atajua nilidanganya."

Hapo ndipo kitu kilikatika ndani yangu. Ningeweza kumsamehe kwa kutaka kazi, hata mimi nimechoka na shida. Lakini anamjua mwanangu alipo na ananificha mimi mama yake, ili yeye asiaibike.

Nilimpigia kaka yangu simu, nikijua damu yangu haitanitupa. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Abaayo," akasema, yaani dada yangu, "haya ni mambo ya wanaume, shemeji ameshaapa. Nikisimama kumpinga, koo zetu zitagombana. Kuwa na subira." Tangu siku hiyo hashiki simu zangu. Nao wale akina mama tuliolalamika nao kuhusu kelele hawanijibu salamu, wanadhani mume wangu aliwauza nami nikijua. Mama mkwe ananiambia nikifungua mdomo ninawatupa watoto juani.

Matingatinga yameshafika, yameegeshwa karibu na uzio. Baada ya swala ya Ijumaa kuna baraza, na afisa atauliza kwa mara ya mwisho kama kuna mwenye pingamizi. Wanawake tutakaa nyuma kama kawaida. Nikisimama niseme mume wangu ni mwongo, atapoteza kazi, ataniacha, na najua tabia yake: hatanionyesha kaburi la Hodan mpaka nife. Wataniuliza, "Mwanao yuko wapi hapa?" nami sitakuwa na jibu. Nikinyamaza, watoto wangu watakula vizuri, na ndege zitashuka juu ya dada yao.

Msinitukane jamani, na msiniambie tu nisubiri, Ijumaa haiko mbali. Nyie mlio mama, na nyie wanaume mliowahi kumzika mtoto, nishaurini: nisimame, au nikae?